Kalenda ya Kuazima

Msomaji, nakuomba ufungue kitabu chochote cha bustani kilichoandikwa Uingereza, utafute ukurasa wa nyanya. Karibu kila kitabu kitakupa amri ile ile: sia mbegu zako ndani ya nyumba, karibu na dirisha, wiki sita hadi nane kabla ya jalidi ya mwisho, kisha, majira ya machipuko yakiisha kutulia, toa miche yako nje. Amri hiyo ni njema. Wakulima wengi wameijaribu kwa miaka mingi, na walioifuata kwao wamevuna. Lakini nasema kwamba amri hiyo hiyo, ikisomwa Nairobi na kutiiwa bila kuulizwa, huharibu mbegu na kupoteza taabu ya mtu. Tena, na hili ndilo baya kupita yote, humzoeza msomaji kuamini tarehe asiyoijua sababu yake. Mimi ni mwalimu, na vitabu ndivyo chakula changu. Sina chuki navyo. Nasema haya kwa kuwa nilitii, nikaona matokeo ya utii wangu.

Miaka michache baada ya kutoka katika chuo cha ualimu nilipanga chumba River Road, ghorofa ya tatu, juu ya maduka. Anayeijua River Road ajua kwamba si mahali pa mkulima. Ni barabara ya maduka ya jumla, ya nyumba za kulala wageni, ya mafundi wa redio na saa, ya mabasi na wasukuma mikokoteni. Mtu akitaka udongo huko hana budi kuununua au kuubeba begani. Lakini jengo letu lilikuwa na paa bapa la saruji ambako wapangaji walianika nguo zao, na mwenye nyumba akaniruhusu kuweka huko madebe kumi na mawili. Kitabu changu cha bustani nilikinunua kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu aliyevitandaza kando ya njia. Kilikuwa kimechapwa London. Kilisema mwisho wa Februari. Nami nikasia mwisho wa Februari.

Dirisha langu lilitazama ukuta wa jengo jingine, mbali kwa hatua tatu tu. Mbegu ziliota siku ya saba, nikafurahi. Baadaye miche ikaanza kurefuka, myembamba na myeupe, ikiinama yote upande mmoja kama watu wanyooshao shingo kutazama arusi inayopita. Nikadhani huko ndiko kukua. Kumbe mche unaorefuka namna hiyo unatafuta mwanga, na nguvu inayopaswa kunenepesha shina inakwisha katika kutafuta. Wiki saba zilipotimia, katikati ya Aprili, niliitoa yote juu ya paa, kama kitabu kilivyoagiza. Mvua ya masika ilikuwa imekwisha kuushika mji. Kwa muda wa siku kumi majani yalipata mabaka ya kahawia, yakalegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na mashina yakaoza. Mwezi wa Mei ulipoingia sikuwa na hata mche mmoja.

Penye mlango wa jengo letu aliketi mama mmoja aliyeuza mboga, ambaye kwao ni upande wa Kabete. Nilipomweleza msiba wangu aliniuliza, "Mwalimu, ulisia lini?"

"Mwisho wa Februari, mama."

"Kwa nini Februari?"

Nikamjibu kwamba kitabu kimesema hivyo.

"Na hicho kitabu, mwalimu, kimeandikwa kwa mvua ya wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa na kitabu mkononi, na sikuwa na jibu.

Sasa tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kwa nini Mwingereza husia nyanya ndani ya nyumba? Asili ya nyanya ni Amerika, katika nchi zisizokuwa na baridi ya kugandisha, na jalidi, yaani umande ulioganda, huiua kwa usiku mmoja. Nchini Uingereza jalidi yaweza kuanguka hata Aprili na Mei, na majira ya joto yanayofuata ni mafupi. Mkulima wa huko akingoja mpaka udongo wa nje upate joto ndipo asie, baridi ya pili itamkuta matunda yake yangali mabichi. Kwa hiyo huanza ndani, ili aibie baridi wiki kadhaa. Huhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya jalidi ya mwisho, akapata tarehe yake. Tarehe hiyo ni tunda la hesabu, na mzizi wa hesabu ni adui mmoja aitwaye jalidi.

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wake una saa kumi na mbili, au karibu na hapo, mwaka mzima. Mjini jalidi haianguki. Kinachogeuka kwetu ni maji na mawingu: mvua ndefu za Machi hadi Mei, ubaridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na jua kali la Januari na Februari. Adui wa nyanya yetu ni unyevu ukiungana na ubaridi. Hapo ndipo bakajani huingia. Wakulima wengi wa kwetu wakiuona ugonjwa huo husema kwamba nyanya zimechomwa na baridi. Lakini baridi peke yake haichomi. Mwuaji ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho matupu, kifananacho na kuvu, ambacho husafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua, na hustawi majani yakishinda saa nyingi yamelowa. Ndicho kile kile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Kwa maana nyanya na kiazi ni mimea ya ukoo mmoja. Na mimi, kwa kutii amri ya kumkimbia adui wa London, nilichukua miche yangu kwa mikono yangu miwili nikaipeleka kwa adui wa Nairobi, katika mwezi ule hasa anapokuwa na nguvu kuliko miezi yote.

Tena lugha yetu imesaidia kulificha kosa. Wako watafsiri ambao, wakikutana na majira ya machipuko katika vitabu vya kigeni, huandika "masika". Miezi yafanana, ni kweli, lakini mambo ni kinyume. Kwao Machi na Aprili ni miezi ya jua kurudi. Kwetu ni miezi ya jua kujificha. Masika ni neno la watu wa pwani, lililotungwa na watu waliotazama pepo zao na mvua zao, nao walijua walichokiita. Kulivika neno hilo maana ya nchi ya jalidi ni kumwambia mtoto wetu, kwa lugha yake mwenyewe, jambo lisilokuwa kweli mlangoni kwake. Wazee husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kalenda ya kuazima nayo haisitiri shamba.

Nimefika mahali ninapoona haya kupasimulia, lakini ni lazima, maana ndipo palipo na shabaha ya maneno yangu. Mwaka ule ule niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili jaribio, katika shule moja upande wa magharibi wa mji. Swali moja lilisema: "Taja wakati unaofaa kusia mbegu za nyanya." Jibu nililolitaka lilikuwa lile la kitabu changu. Msichana mmoja kutoka Kangemi aliandika: "Inategemea mahali, na mvua, na kama mtu ana maji wakati wa kiangazi." Nilimwekea msalaba mwekundu. Nilimnyima alama mbili kwa sababu alijua kitu nisichokijua. Majuma machache baadaye miche yangu ilikuwa imelala imekufa madebeni, na jibu lake lilikuwa lingali katika daftari lake, sahihi, likiwa na msalaba wangu juu yake.

Fikiri, msomaji, msalaba ule ulimfundisha nini. Ulimwambia kwamba aliyoyaona kwa macho yake katika kitalu cha nyumbani kwao si elimu, na kwamba elimu ni kukariri mwezi uliotajwa na mtu asiyepata kuiona Kangemi. Mwanafunzi akifundishwa hivyo mara mia, huacha kutazama. Akiacha kutazama, hata umpe vitabu vya dunia nzima, atabaki kuwa mtu wa kubeba maneno ya wengine kichwani kama mpagazi abebavyo gunia asilojua lina nini. Hiyo ndiyo hasara ninayoilalamikia. Madebe kumi na mawili ya nyanya ni hasara ndogo.

Wako watakaonipinga, na yafaa wasikilizwe. Wa kwanza atasema: "Vitabu hivyo viliandikwa na wataalamu. Wewe ni nani hata uvikosoe?" Namjibu kwamba sivikosoi. Kitabu kile hakikusema uongo. Kilisema kweli kwa mtu mwingine. Ni kama barua iliyofika katika sanduku lisilo lake. Mtu akisoma ndani yake, "Njoo kesho, nitakungoja kituoni," kisha akaenda kituoni asimkute mtu, atamlaumu mwandishi? Kwanza na aitazame anwani.

Wa pili ataruka mpaka ukingo wa upande wa pili. Atasema: "Ikiwa hapa hakuna jalidi, basi kulea miche ndani ni upuuzi wa kigeni. Mwaga mbegu shambani, zitaota." Huyu ni hatari kuliko wa kwanza, maana maneno yake yanafanana na busara. Mbegu ya nyanya ni ndogo sana. Gramu moja tu ina mbegu zipatazo mia tatu. Mvua moja nzito ya Nairobi yaweza kuzifukua na kuzipeleka mtaroni. Zikiota salama, kuna viwavi wakatao mche shingoni usiku, kuna nzi weupe waletao ugonjwa wa kujikunja majani, na tangu mwaka 2014, ulipoonekana Kenya mdudu aitwaye Tuta absoluta, kuna adui mpya ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda. Mche ulio chini ya paa au chini ya wavu huepushwa na mengi ya hayo katika siku zake za uchanga. Kwa hiyo desturi ya kulea miche mahali palipositirika ni njema hapa kama ilivyo njema kule. Bali sababu zake ni nyingine. Na sababu zikiwa nyingine, tarehe nazo zitakuwa nyingine. Asiyejua sababu atatupa desturi njema pamoja na tarehe mbaya, kama mtu amwagaye maji machafu na kitoto kingali beseni humo.

Wa tatu atasema: "Mjini hakuna ardhi, nyanya tutanunua sokoni." Huyo simlazimishi. Lakini asiseme haiwezekani. Dari za saruji zipo, madebe yapo, na jua la ikweta halidai kodi. Mche mmoja wa nyanya hautaki mahali zaidi ya debe lililotobolewa chini.

Basi tufanye nini? Nilimwita yule msichana mbele ya darasa, nikakiri kosa langu, nikamrudishia alama zake mbili, kisha nikamwomba atueleze wao husia lini nyumbani. Alisema kwamba nyanyake husia barazani mvua za vuli zingali zinanyesha, "ili jua likija likute miche tayari." Niliandika maneno hayo ubaoni, tukafanya hesabu sote pamoja.

Tulianza mwisho, tukarudi nyuma. Nyanya iliyohamishwa hutoa matunda yake ya kwanza baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu hivi. Twataka majani na maua yake yakutane na wiki kavu za Januari na Februari, na matunda yaanze kuiva kabla masika hayajashika. Basi mche uhamishwe katikati ya Desemba, vuli inapokwisha. Kitaluni mche hukaa wiki nne hadi sita. Basi mbegu zisiwe mwanzo wa Novemba au katikati yake. Na kwa kuwa Novemba ni mwezi wa mvua, kitalu lazima kiwe chini ya paa. Hiyo, msomaji, ndiyo sababu yetu ya kulea ndani, wala haina uhusiano wowote na jalidi. Tazama pia tulipofika: mwisho wa Februari, siku zile kitabu changu kiliponiamuru kusia, ndizo siku nilizopaswa kutayarisha kikapu cha kuvunia.

Novemba iliyofuata nilisia tena. Nilichekecha udongo, nikauchanganya na samadi iliyooza vizuri, nikaumwagia maji yanayochemka, ukapoa kabisa kabla sijasia, ili kupunguza ugonjwa wa kinyausi, ambao huozesha shingo ya mche mchanga ukaanguka. Nilizifukia mbegu kina cha sentimita moja, nikafunika kasha kwa nyasi kavu. Siku zilipochomoza niliondoa nyasi, nikalihamisha kasha kutoka chumbani, mahali pa giza, mpaka kwenye upenu wa ngazi ya juu, mahali palipo na mwanga tele na mvua haipigi. Nilinyunyiza maji asubuhi, si jioni, ili majani yasilale yamelowa. Juma la mwisho nilipunguza maji, nikaitoa miche juani saa moja, kesho yake saa mbili, na kuendelea. Mwingereza naye huizoeza miche yake kabla ya kuitoa, ila yeye huizoeza baridi. Sisi twaizoesha jua la saa sita na kiu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sitakudanganya kwamba nilivuna magunia. Madebe matatu yaliharibiwa na wale viwavi, na kupandisha maji ngazi tatu kila asubuhi ya Januari si mchezo. Lakini katika madebe tisa tulichuma nyanya kuanzia siku za kwanza za Machi, na yule mama wa mlangoni alipokea sahani ya kwanza. Alizipindua mkononi, akasema, "Sasa mwalimu umesoma."

Nataka uelewe vema, msomaji, nisije nikakutoa katika kosa moja nikakutia katika jingine. Novemba yangu pia usiiazime. Ni Novemba ya paa moja la River Road, ya mtu anayebeba maji kwa ndoo. Mkulima wa Mwea au Loitokitok mwenye maji ya mfereji ana hesabu yake. Wa Limuru, ambako ubaridi huchelewesha kila kitu, ana yake. Wa Mombasa, kwenye joto na unyevu wa bahari, ana yake. Hata hapa Nairobi mwaka mmoja haufanani na mwingine: mvua za mwisho wa mwaka 2023 zilizidi kiasi, na Aprili 2024 mafuriko yalibeba watu na nyumba katika mitaa ya mji huu. Makao ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, katika vitongoji vyetu vya magharibi, nayo hutangaza utabiri wake kila msimu unapokaribia. Kalenda iliyochapwa mara moja haitoshi. Yafaa hesabu ifanywe upya kila mwaka.

Kwa hiyo nasema: azima hesabu, usiazime tarehe. Akili ya mkulima wa Uingereza ya kumjua adui wake na kuhesabu kurudi nyuma ni mali ya watu wote, nasi tuichukue bila aibu. Lakini jina la mwezi ni mali ya mahali. Ukikutana na amri katika kitabu, iwe ya nyanya au ya jambo lingine, uliza maswali matatu: Imeandikwa wapi? Inamkimbia adui gani? Adui huyo yuko kwetu? Ukijibiwa ndiyo, tii kwa moyo wote. Ukijibiwa siyo, chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Na siku mwalimu wako atakapokuwekea msalaba mwekundu juu ya jambo uliloliona kwa macho yako, msimamie kwa adabu, umwulize kama alivyoulizwa mwalimu mmoja penye mlango wa jengo: kitabu hicho kimeandikwa kwa mvua ya wapi? Akiwa mwalimu wa kweli hatakasirika. Atakwenda kutazama.